Jahazi Lilikuwa Chuo

Mwaka 1978 kilianzishwa Dar es Salaam kitengo cha kufundisha mabaharia, na sheria ya mwaka 1991 ikakipandisha hadhi kuwa Chuo cha Bahari, DMI. Habari za elimu ya ubaharia nchini kwa kawaida huanzia hapo, kana kwamba kabla yake watu wa pwani hii walikuwa wakivuka bahari kwa kubahatisha. Lakini mwaka huohuo wa 1978, ukitoka mjini kwenda kaskazini ukapita Msasani, Kunduchi, Ununio na Mbweni, au ukivuka mlango wa bandari kwenda Mjimwema na Kimbiji, upande uliohesabiwa Temeke kabla Kigamboni haijawa wilaya, ungekuta vijana wakifundwa mambo ya bahari bila ubao wala chaki. Chombo cha mbao walichopanda kilibeba chumvi, boriti, nazi na makuti, na papo hapo kilikuwa chuo kamili: kilikuwa na ngazi za masomo, mitihani, walimu wenye majina, na wahitimu waliotambuliwa bandari hadi bandari. Wakoloni hawakukiona. Serikali huru nayo ikajenga chuo kipya pembeni yake bila kurithi chochote. Nashikilia kwamba kasoro hiyo bado inarekebishika, na njia ya kuirekebisha ni kuunda jahazi la mafunzo, la mbao na la tanga, wakati mafundi wake wangali hai.

Chuo hiki ni cha kale kuliko mji wenyewe. Periplus, mwongozo wa biashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, unaitaja bandari ya Rhapta katika pwani yetu na vyombo vyake vilivyoshonwa kwa kamba. Unataja pia manahodha wa Kiarabu walioizoea pwani, wakaoa huku na kuijua lugha ya wenyeji. Wanazuoni hawajaafikiana Rhapta ilikuwa wapi, na wapo wanaoielekeza kwenye delta ya Rufiji. Kwa hoja hii hilo si kitu. Kinachotuhusu ni kwamba tangu mwanzo wa habari zilizoandikwa tunamkuta mgeni akijifunza maji kwa mwenyeji, na tunakikuta chombo ambacho hakiundiki kwa kusikia habari zake tu. Mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba za usumba na chenye tanga la mkeka, uliendelea kusafiri kaskazini ya pwani, hasa visiwa vya Lamu, hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Kamba zake zikilegea kidogo, maji yanaingia. Fundi asiyekaa miaka chini ya fundi mwingine hawezi kuzikaza. Karne ya 15 Ahmad ibn Majid wa Oman alitunga mashairi ya kuelekeza njia za bahari, mojawapo likifika hadi Sofala, na elimu iliyotiwa mizani na vina hukusudiwa ikaririwe na watu walio kazini usiku, mikono ikiwa imeshika kamba. Kunduchi kwenyewe kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa vyombo vya Kichina. Vyombo hivyo havikufika hapo kwa miguu.

Dar es Salaam ilizaliwa ikiwa na ugomvi na tanga. Sultani Majid wa Zanzibar alipoichagua bandari iliyo kando ya Mzizima katika miaka ya 1860, alipata kina na kivuli cha upepo, lakini alipata pia mlango mwembamba wenye kona. Chombo cha tanga kikikutana humo na upepo wa mbisho kinataabika, na ndiyo maana katika mipango yake Majid aliagiza boti ya mvuke ya kuvuta vyombo. Alifariki mwaka 1870 na mji ukazorota, hadi Wajerumani walipoufanya makao makuu mwaka 1891 na kuujengea uso unaotazama stima. Tanga likabaki na vijiji. Hapa hadithi iliyozoeleka husema kwamba stima iliua jahazi, na hadithi hiyo si kweli. Erik Gilbert, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu majahazi na uchumi wa Zanzibar kati ya 1860 na 1970, ameonyesha jinsi majahazi yalivyojipanga upya kuzunguka stima: yakachukua shehena ndogo ambazo stima haikuzitaka, yakaingia vijito na mafungu ambako stima haingeweza kufika, na Vita Kuu ya Pili ilipofanya meli kuwa adimu, serikali ileile iliyoyadharau ikayahitaji. Katika muda wote huo chuo kilikuwa wazi. Mji ulikuwa na gati la meli, na Kunduchi ilikuwa na ufuko wa kupwelea vyombo, na vyote viwili vilifanya kazi.

Masomo yenyewe yalianzia ngamani. Mtoto aliyepandishwa chomboni alipewa kata na kuambiwa ateke maji ya ngama, apike, na azoee kutapika bila kulalamika. Kazi hiyo ya unyonge ilikuwa na maana yake, kwa kuwa anayeteka ngama kila siku ndiye wa kwanza kujua ubao upi unavuja na ni kwa upepo wa upande gani. Kutoka hapo alipanda kwenye kamba, kutoka kamba akaenda kwenye usukani usiku wa shwari, na kutoka usukani, kama ana kichwa, akaingia katika elimu ya rubani: kuijua rangi ya maji juu ya mwamba, kupima kina kwa bildi, kulinganisha alama mbili za nchi kavu ili kuupata mlango wa miamba, kutaja nyota na saa zake. Juu ya yote kulikuwa na kalenda. Kaskazi na kusi huzijua kila mkulima wa pwani, lakini baharia alihesabu miongo, siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, na kwa hesabu hiyo alijua lini upepo umekomaa, lini tanga mbili zinakuja, na lini mwenye akili hutia nanga akangoja.

Mtihani ulikuwa kupindua tanga. Tanga la jahazi limefungwa kwenye foromali, mti mrefu unaotundikwa mlingotini ukiwa umelala mshazari, na kwa sababu hiyo chombo hakiwezi kugeukia upande wa pili wa upepo hivihivi. Tanga litajibandika mlingotini. Nahodha hukipa upepo tezi. Demani hufyatuliwa, na tanga zima hupepea mbele ya chombo. Mabaharia huivuta foromali isimame karibu wima, huipitisha ncha yake ya chini upande wa pili wa mlingoti, huku mwingine akiikimbiza kamba ya demani kuzunguka mbele kabisa na kurudi nayo ubavu mpya, kisha tanga hujazwa tena. Kazi hiyo hufanywa juu ya shehena, mara nyingi gizani, na kila mmoja anapaswa kujua mwenzake yuko wapi bila kumwona. Akichelewa mmoja wakati upepo ni mkali, foromali hupiga mlingoti na chombo hubaki bila nguvu katikati ya mawimbi. Kijana aliyepewa usukani wakati wa kupindua alikuwa anatahiniwa na wote waliomo, na cheti chake kilitolewa na watu wasiojua kuandika vyeti: siku moja tajiri mwenye chombo alikubali kumkabidhi mali yake aipeleke Unguja au Mafia. Sijui mtihani wa bodi yoyote ulio mgumu kuliko huo.

Nusu ya pili ya chuo ilikuwa ufukoni. Wakati wa bamvua, maji ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na tofauti hiyo ndiyo gati la kutengenezea la maskini: chombo huletwa maji yakiwa yamejaa, hupwelewa yakitoka, na kuna saa chache za kukisugua, kuchoma makuti makavu chini ya tumbo lake ili kuua wadudu watoboao mbao, kukalafati kwa pamba yenye mafuta, na kupaka deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Juu ya maji hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na harufu yake humtambulisha fundi kabla hajafika. Uundaji nao haukuwa na ramani ya karatasi. Fundi aliweka mkuku, akasimamisha hanamu, akapanga mbao, na mataruma akayatafuta porini katika miti iliyojipinda yenyewe kwa pembe anayoitaka, mkoko au mwembe, wakati ubao wa ubavuni ukawa mvule au mninga. Msimamo wangu juu ya jahazi la mafunzo unategemea jambo hili kuliko lingine lolote. Baharia wa zamani alikijua chombo kwa sababu alishiriki kukitengeneza, na chuo chenye meli ya kukodi au mashine ya kuigiza daraja la meli hakina namna ya kumpa mwanafunzi ujuzi huo.

Yupo shahidi mmoja wa nje ambaye ushahidi wake una uzito wa pekee, kwa kuwa alikuwa ameendesha meli ya mafunzo kabla ya kuja kwetu. Alan Villiers, Mwaustralia, aliinunua Georg Stage, meli ya mafunzo ya Wadenmark iliyoundwa mwaka 1882, akaipa jina Joseph Conrad, na kati ya 1934 na 1936 akaizungusha dunia nzima akiwa na vijana kama mabaharia wake. Mwaka 1938 alipanda bumu la Kuwait liitwalo Bayan, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, akashuka nalo kwa kaskazi hadi Zanzibar, kisha hadi delta ya Rufiji, ambako mabaharia walizama topeni wakikata boriti za mikoko za kujengea nyumba za Ghuba. Kitabu alichokitoa mwaka 1940 hakimpambi mtu: kinaeleza magonjwa, ulaji duni, madeni yaliyowafunga mabaharia kwa manahodha na manahodha kwa matajiri. Hata hivyo kinachoonekana ukurasa baada ya ukurasa ni heshima ya mtaalamu kwa wataalamu wenzake. Mtu aliyejua gharama ya kumfundisha kijana wa Ulaya kazi ya tanga alikuta chombo ambacho kila aliyemo aliijua, na ambacho hakuna shirika lililokifadhili ili kifundishe.

Sasa pingamizi, na lililo zito kuliko yote ni la kimaadili. Majahazi yalibeba watumwa. Soko la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, na biashara ya siri ikaendelea kuvuka bahari kwa vyombo vilevile tunavyovisifu. Mabaharia wengi wa karne ya 19 walikuwa wenyewe watumwa, wakigawana mshahara na mabwana zao, na hata walikuwapo watumwa waliofikia unahodha. Chuo kilipiga wanafunzi, kiliwaajiri watoto, na kiliwafungia mlango wanawake. Yote hayo ni kweli, na anayetaka kuyaficha asifufue chochote. Lakini tukubaliane hoja inaishia wapi. Meli za tanga za Ulaya zilibeba watumwa wengi zaidi na kuwachapa mabaharia kwa sheria iliyoandikwa, na bado mataifa hayo yaliuchukua ujuzi wa tanga, yakaacha mjeledi, na leo wasichana na wavulana hujifunza pamoja kwenye meli hizo. Ujuzi wa mtumwa aliyekuwa nahodha ni mali ya wajukuu wake. Kuutupa kwa sababu ya dhambi ya bwana wake ni kumdhulumu mara ya pili.

Pingamizi la kimaadili, hata hivyo, silo lililokifunga chuo. Hakuna aliyekifunga. Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 yalivuruga mahusiano ya kisiwa na Ghuba, na mafuta ya Ghuba yakawapa watu wa kule kazi bora kuliko kukata boriti Rufiji; safari ndefu zikakoma. Safari fupi ziliendelea, lakini mashine zikaingia majahazini, kisha boti za mwendo kasi zikachukua abiria wa Unguja, na kwa wavuvi boti za faiba zikaanza kuchukua nafasi ya mashua. Serikali haikukaa bure: Mbegani, Bagamoyo, kwa msaada wa Norway, kulijengwa chuo cha uvuvi, na mjini kukawa na DMI. Tatizo ni pengo lililoachwa katikati. Mvuvi wa Kunduchi hakuitwa Mbegani kufundisha ila, pengine, kufundishwa. Na mwanafunzi wa DMI anaweza kuhitimu akiijua mikataba ya bahari ya London vizuri kuliko mwamba ulio mbele ya kisiwa cha Mbudya. Dau la mnyonge haliendi joshi, walisema wahenga, na hapa mnyonge alikuwa ni mwalimu.

Watakaoyasoma haya wakiwa na vyeti vya daraja la meli watauliza: tanga la nini? Meli za kisasa hazina tanga, na mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, STCW wa mwaka 1978 na marekebisho yake, hauhitaji mtu yeyote ajue kupindua foromali. Wako sahihi, na jahazi la mafunzo halitaziba upungufu wa nafasi za mazoezi kwenye meli kubwa, ambao wahitimu wetu wanaulalamikia kwa haki. Lakini wenzao duniani wameshakutana na swali hilo. Denmark iliunda Georg Stage mpya mwaka 1934, stima zikiwa zimeshatawala bahari, na meli hiyo bado inafundisha. India iliizindua Tarangini mwaka 1997 kwa ajili ya makadeti wa jeshi lake la majini, na Mei 2025 ikaipokea Kaundinya, meli iliyoshonwa kwa kamba za usumba, teknolojia ya babu zetu na babu zao. Sababu yao ni ya kazi. Kwenye daraja la meli kubwa upepo ni namba kwenye skrini. Kwenye tanga upepo unasukuma chombo mara moja na kosa linalipwa hapo hapo, mbele ya wenzako. Kuamua, kungoja na kutii huingia mwilini. Meli ya abiria Spice Islander, iliyozama Septemba 2011 ikiwa imepakiwa kupita kiasi, ilikuwa na chuma na injini. Sisemi nahodha wa jahazi hakupakia kupita kiasi, maana walipakia na walizama. Nasema maamuzi ya kukataa shehena na kukataa kuondoka hujifunzwa mapema, kwenye chombo kidogo, au hayajifunzwi.

Oman ndiyo mfano unaotuhusu zaidi, na si mfano safi. Mwaka 1840 Sultanah, meli ya Sultani Sayyid Said iliyoundwa Bombay, iliondoka Zanzibar ikafika New York ikiwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman; nchi yenye kumbukumbu hiyo, na yenye mafundi wa Sur, ilipotaka meli ya mafunzo miaka ya 1970 ilinunua ya mbao iliyoundwa Scotland mwaka 1971, ikaiita Shabab Oman. Umbo lake lilikuwa la Ulaya tangu omo hadi tezi. Mwaka 2014 ikarithiwa na Shabab Oman ya pili, ya chuma. Mpinzani atasema: hata wao wameacha mbao. Ndiyo, kwa safari za kuvuka Atlantiki zenye ratiba za kidiplomasia. Lakini Oman hiyohiyo iliunda Sohar kwa kushona huko Sur mwaka 1980 na kuipeleka China, na baadaye Jewel of Muscat iliyofika Singapore mwaka 2010. Maana yake ni kwamba kazi hizi mbili zimetenganishwa: chuma kwa makadeti, mbao kwa heshima ya historia. Kwetu hatuna fedha za kuzitenganisha, na huenda hiyo ikawa bahati.

Ziko juhudi za nyumbani ambazo zinaonyesha njia na mtego wake. Mtepe uliojengwa upya Zanzibar mwaka 2003 uliundwa kwa maonyesho, ukawekwa katika makumbusho ya Beit al-Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Kwa upande mwingine, Flipflopi, chombo cha plastiki chakavu kilichoundwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda, kilishushwa majini mwaka 2018 na mapema mwaka 2019 kikasafiri hadi Zanzibar. Umbo ni la kale, mali ghafi ni takataka za leo, na mafundi walilazimika kufikiri upya kila kiungo. Mimi ningechagua njia ya Lamu kuliko ya makumbusho, ila kwa mbao.

Na mbao ndiyo pingamizi la mwisho lenye nguvu: mvule umeadimika, mikoko inalindwa, na chombo cha mbao hula matengenezo kila mwaka. Jahazi moja si kiwanda, na miti michache iliyoombewa kibali na kupandiwa mingine mahali pake haimalizi msitu. Gharama ya matengenezo, ikitazamwa kichuo, ni ada ya somo: ndiyo karakana ya mwanafunzi. Mahali pa kuundia papo, Kunduchi au Mjimwema, ambako fundi na ufuko bado vipo. Mwenye kulimiliki anaweza kuwa DMI pamoja na Kamandi ya Wanamaji iliyopo Kigamboni, kama jeshi la majini la Oman lilivyomiliki Shabab. Hofu ya kisheria kwamba chombo cha namna hiyo kitahesabiwa cha abiria, kisha kubanwa na masharti ya abiria, inajibika: kanuni za Shirika la Kimataifa la Bahari kuhusu meli za kazi maalumu zinamtenga mwanafunzi aliye kazini na abiria, na TASAC, inayosimamia usalama wa vyombo nchini, inaweza kuandika masharti yake kwa mfano huo. Kinachobaki kigumu ni suala la mwalimu. Mzee anayejua kupindua tanga usiku hana shahada, na mfumo wa ajira ya umma hauna daraja la kumlipa. Jahazi hilo likianza kujadiliwa, mjadala uanzie hapo, kwa kuwa mbao zinaweza kungoja msimu mwingine na wazee hawawezi.